Betri za Taa ya Omena

Hapana, ngoja. Hiyo gari haikuua mtu. Na hizo betri si sisi tuliharibu. Ukirudia hayo maneno mbele yangu tena tutakosana vibaya, mimi na wewe. Ulisema hapo kwa kinyozi, kichwa yako nusu imenyolewa, ati "si ndio wale vijana walikamua betri za taa na kagari ka watoto mpaka mvuvi akafa maji?" Ulisema ukicheka. Kinyozi naye akacheka. Nilitoka nje kwa sababu makasi zilikuwa karibu. Si ati sikuwa na jibu. Jibu ninayo. Keti nikupe yote.

Kwanza, acha kuiita kagari ka watoto. Ilikuwa ya watoto siku tuliitoa kwa marundo ya mtumba pale soko ya Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, haina rimoti, haina tairi moja, mgongo imepasuka. Mimi nina kibanda karibu na hiyo soko. Natengeneza simu, redio, spika, kitu yoyote iko na waya. Sikusomea. Shule ilinishinda mapema, ama mimi niliishinda, chagua wewe. Nilijifunza kwa kuchoma. Nikichoma kitu leo, kesho najua kwa nini iliungua.

Na yule mnaita muuaji ni rafiki yangu. Tuliishi chumba moja mtaa wa Manyatta, kitanda moja, sufuria moja. Yeye ni mtu wa Usenge, huko bichi ya omena, zile dagaa za ziwa Victoria. Wazazi wake walimwacha akiwa mdogo, akalelewa na ndugu yake mkubwa. Huyo ndugu aliacha shule akaingia kwa boti ndio huyu mdogo asome Kisumu. Ameshika makasia mpaka mikono ikawa ngumu kama mbao, ndio huyu mdogo ashike kalamu. Weka hiyo kwa kichwa, kwa sababu ndiyo stori yenyewe. Hayo mengine yote ni waya tu.

Basi gari. Mota iliyokuja nayo ilikuwa ndogo kama kidole na haina nguvu. Tuliiunganisha ikatembea kama kuku mgonjwa. Nikaitoa, nikaweka mota ya drili ya fundi mmoja wa mbao, drili iliyokuwa imekufa upande wa betri lakini mota bado iko hai. Ikavuta! Lakini ilitafuna gia za plastiki kama biskuti. Nikatafuta gia za chuma kwa printa mbovu, nikazipiga tupa mpaka zikakubali. Alafu tairi zikaanza kuteleza, zinazunguka tu hapo hapo kwa saruji. Tukakata tyubu ya baiskeli tukazivalisha. Kila ukiongeza nguvu mahali moja, mahali ingine inalia. Hivyo ndivyo spidi iko. Si kitu moja unanunua.

Alafu nikapata mota yenyewe. Mpiga picha wa harusi alikuwa ameangusha droni yake juu ya paa ya kanisa, akaniletea, nikamwambia hii imeenda. Akaniachia mzoga na rimoti yake. Mota za droni si kama hizi za kawaida. Za kawaida ziko na vipande vya kaboni ndani, vinasugua, vinakula moto. Hii ya droni haina kitu inasugua. Inazunguka mpaka inalia kama mbu kwa sikio. Nikaifunga kwa ile gari na kontrola yake, kale kabao kanaambia mota izunguke kiasi gani. Kabao kakawa moto mpaka nikakata mfuniko wa sufuria nikakabandika kipande kikapoze.

Lakini droni haina haja ya breki. Kontrola yake inajua mbele tu. Kurudi nyuma haijui, kusimama haijui. Ukiachilia kidole, gari inaendelea kuteleza na hasira yake yote. Mimi nilishindwa kuiendesha. Niliigonga kwa ukuta, kwa pikipiki, kwa mguu ya mama wa samaki. Rafiki yangu ndiye aliweza. Alikuwa anaivunja kiuno kwa kona, inajizungusha kwa mgongo yake mara mbili tatu, alafu inatulia mbele ya viatu vyake kama mbwa. Mimi fundi, yeye dereva. Vijana wa Milimani, mtaa wa matajiri, walikuja na magari yao yametoka dukani na boksi, wakashindwa, wakayarudisha kwa boksi.

Sasa betri. Mota kama hiyo iko na njaa, na sisi hatukuwa na betri ya kuishibisha.

Kama wewe si mtu wa ziwa nikueleze. Omena inavuliwa kwa giza. Taa za sola zinawekwa juu ya vielea kwa maji, omena inakuja kwa mwangaza, nyavu inafungwa. Mwezi ikiwa kubwa, maji yote inang'aa na omena haijali taa yako. Kwa hivyo siku za mwezi mkubwa boti zinalala, wavuvi wanashona nyavu, na taa zinakaa tu ndani ya nyumba. Na ndani ya kila taa kuna betri, zile za kuviringana, nono kama kidole gumba.

Ni ndugu yake mwenyewe alisema. Tulikuwa tumeenda Usenge na gari, betri zetu za redio zikaisha tukiwa katikati ya kuringa.

"Omera, si mchukue za taa," akasema. Omera ni kusema ndugu, kwa kijaluo, alikuwa anatuita hivyo wote wawili. "Mwezi imewaka, hazina kazi. Lakini giza ikirudi nataka taa zangu zikiwa na macho."

Hapo kwa bichi kuna sakafu ya saruji mahali samaki inapimwa. Tukaachilia gari hapo. Wamama walikuwa wameanika omena kwa nyavu kando, mmoja akapaza sauti, "Hiyo panya ikigusa omena yangu nitaikaanga pamoja!" Watu wakacheka. Ndugu mkubwa akataka kushika rimoti. Tukampa. Akabonyeza yote mara moja, gari ikaruka, ikaenda moja kwa moja kwa maji, na yeye anaikimbiza akipiga kelele, "Simama! Simama wewe!" kama anaita ng'ombe. Akaingia mpaka kiuno akaitoa. Akarudi anadondosha maji, meno yote nje. "Hii gari yenu iko na haraka kuliko nyinyi wawili kwa shule," akasema.

Hivyo ndivyo tuliendelea. Mwezi ikiwa kubwa tunapanda kwenda Usenge, tunafungua taa mchana kweupe, kila mtu anaona, hatukujificha. Lakini kile hawakuona ni rafiki yangu akizirudisha. Kabla ya kurudisha taa alikuwa anaiwasha asubuhi, anaiweka chini ya ndoo, anaenda shughuli zake. Jioni anainua ndoo. Kama inawaka vizuri, inarudi kwa boti. Kama imefifia, hairudi. Mimi nilikuwa namwambia, "Wewe unasumbuka, taa ni taa." Ananiangalia tu. "Ndugu yangu analala chini ya hiyo taa," anasema.

Betri ya taa inatoa moto pole pole, kama mtu anakunywa uji ya moto. Mota yetu ilitaka kumeza. Siku moja betri moja ilitoka kwa gari ikiwa moto kama yai imetoka kwa sufuria. Rafiki yangu akaweka taa yake chini ya ndoo, na saa sita bado haijafika ikawa imekufa. Hakulala na hiyo neno. Alikuja Kisumu, akanunua ingine mpya ya kweli, akairudisha, akamwambia ndugu yake uso kwa uso: tuliharibu moja, hii hapa. Ndugu akasema mos, ni kama pole kwa kijaluo, hakuna shida. Lakini rafiki yangu akaniambia kwa njia, "Basi. Hatuchukui tena hata moja."

Na hatukuchukua. Niliuza spika yangu kubwa, ile nilikuwa naipenda kuliko watu wengine, tukaagiza Nairobi betri ya mashindano, bapa kama kipande ya sabuni. Kutoka hapo taa za Usenge hatukugusa. Lakini ukifanya kitu watu wanaona. Ukiacha, nani anaona umeacha? Bichi nzima ilibaki na picha moja kwa kichwa: sisi wawili tumechuchumaa na bisibisi, taa zimefunguliwa matumbo.

Alafu ndugu mkubwa akapiga simu siku moja, nikaiweka sauti kubwa hapo kwa kibanda tusikie wote. Alikuwa na furaha. Tajiri wa boti, yule mwenye boti na nyavu na taa zote, alikuwa ameleta betri mpya kwa kila taa. "Za pinki," akasema. "Zinang'aa kama peremende. Saa hii nyinyi wezi hata mkija siwapi." Tukacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilisikia sauti yake.

Simu ingine ilikuja asubuhi. Rafiki yangu alikuwa anakaza skrubu kwa redio ya mteja. Akasikiliza, akaweka simu chini, akamaliza kukaza ile skrubu. Alafu akasema, "Wamesema ndugu yangu amepotea kwa maji."

Walikuwa wawili kwa hiyo boti. Taa ya juu ya kielea ilikuwa mbali kidogo na wao. Hii ya boti yenyewe, ile inaambia boti zingine "tuko hapa," ilizima. Giza. Boti kubwa ya injini ikapita juu yao. Yule mwenzake alishika kielea mpaka asubuhi, na taa iliyozima alikuwa ameifunga kwa mkono na kamba. Ndugu mkubwa alionekana siku kadhaa baadaye kwa matete. Sitakuambia alivyokuwa. Rafiki yangu ndiye alimtambua, kwa kidole iliyokuwa na kovu ya ndoana.

Na kabla hata mwili haujafika mochari, bichi ilikuwa imeshaamua. Ni betri. Ni wale vijana wa kagari ka watoto.

Familia ikakaa. Baba mdogo wao ndiye alikuwa kichwa ya hicho kikao, mzee mmoja mkali lakini si mtu mbaya. Akasema huko kwao mtu mwenye kifo iko mkononi mwake haruhusiwi kuingia kwa boma siku ya maziko. Hasimami kwa kaburi. Hatupi udongo. Akiingia, kifo inaingia na yeye, na itachukua wengine. Kwa hivyo mdogo akae nje mpaka marehemu alale, alafu mambo ya kusafishwa itaongewa baadaye.

Rafiki yangu alinipigia akiwa amesimama kwa barabara, nje ya ua ya kwao. "Wamenikataza," akasema. "Omera, wamenikataza kumzika."

Hakulia. Afadhali angelia. Nilifunga kibanda, nikaweka gari kwa begi na mita yangu ya kupima umeme na betri yetu, nikaenda Usenge.

Sikuenda matangani kwanza. Nilienda kwa yule mwenzake, yule aliyepona. Nilimpata nyuma ya nyumba yake, mkono umefungwa kitambaa mahali kamba ilimkata.

"Baba, mos," nikamwambia. "Ile taa iko wapi?"

Akaangalia barabara kwanza. Alafu akaingia ndani akaitoa chini ya kitanda. "Chukua. Lakini si mimi nimekupa."

Nikaifungua hapo hapo mbele yake. Mpira ya kuziba bado ilikuwa imara, maji haikuingia. Betri za pinki, nzuri, kama peremende kweli. Nikashika moja nikaipeleka kwa jua, nikaona ile pinki imevuta vibaya kwa kona. Nikaichuna na ukucha. Ndani kulikuwa na ngozi ingine. Ya bluu, imechakaa, na kwa kichwa alama za kuchomelewa, kumaanisha ilikuwa imetolewa kwa laptopu imekufa zamani. Zote hivyo. Mtu alikuwa amechukua maiti za betri akazivalisha nguo mpya akauza.

Nikazichaji kwa sola ya jirani. Zikajaa haraka sana, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Betri inayojaa haraka hivyo haina tumbo.

"Hizi ndizo tajiri aliwaletea?" nikauliza.

"Ndiyo hizo."

"Na ni nani aliziweka kwa taa?"

"Yeye mwenyewe na kijana wake. Mimi nilikuwa nashika tochi."

"Utasema hivyo kwa wazee?"

Aliangalia mkono yake. "Twende tuone," akasema.

Nikaamini hiyo. Twende tuone, nikaifanya ndiyo.

Matangani ilikuwa mchana, jua kali. Tenti mbili, viti, wamama kwa masufuria. Tajiri ndiye alikuwa ameleta tenti, akaleta ng'ombe, akaleta sanduku zuri la mbao nyekundu. Kwa meza mbele walikuwa wameweka picha ya marehemu kwa fremu, na maua za plastiki pande zote. Watu walikuwa wanakula. Tajiri alikuwa ameketi karibu na baba mdogo, shati nyeupe, anafukuza nzi na kofia.

Rafiki yangu alikuwa nje ya ua, kwa barabara. Alikuwa ameniambia, "Peleka hizo betri waone. Lakini gari acha kwa begi." Nikamwambia sawa.

Nikaingia, nikasalimia, nikaomba nafasi. Baba mdogo akanipa. Nikaweka betri za pinki mbele yao, nikachuna moja wakiona. Nikaonyesha ngozi ya bluu. Nikaonyesha alama. Nikasema hizi si zetu, sisi hatujagusa taa kutoka zamani, hizi zililetwa mpya juzi, na ni mbovu, mtu amewauzia uchafu.

Minong'ono ikaanza. Baba mdogo akashika moja, akaigeuza. "Sasa hii ni kusema nini?" akauliza, na aliuliza vizuri, kama mtu anataka kujua.

"Ni kusema hii haiwezi kuwasha taa mpaka asubuhi, jaduong', mzee wetu. Haiwezi hata kusukuma gari ya mtoto."

"Unajuaje?"

Sasa mimi nifanye nini? Alikuwa ananiuliza. Mlango ilikuwa imefunguka kidogo. Nikatoa gari kwa begi.

Niliweka zile betri zikiwa zimejaa, nikaweka gari chini kwa udongo mbele ya viti, nikabonyeza. Ikatambaa. Ikaenda kama hatua ya mtu mzima, ikalia kidogo, ikafa. Nilimwangalia tajiri. Labda pia yeye aliuziwa bila kujua, nitampa hiyo. Lakini wakati gari ilikufa, yeye alijua. Nilimwona akijua.

Akacheka kidogo. "Kijana. Si ni hizo hizo mmezoea kukamua? Na hiyo gari yenyewe ni takataka. Nani amesema ingetembea?"

"Mzee, hizi ni zako! Za pinki! Uliziweka na mkono yako!"

"Nani aliona?"

Nikageuka. Yule aliyepona alikuwa ameketi safu ya pili, sahani kwa magoti, ugali na nyama. "Baba," nikamwambia mbele ya watu wote. "Sema. Ulishika tochi."

Aliangalia sahani. Akakata ugali, akaukanda, akaukanda, akaukanda. Tajiri hata hakumwangalia.

"Gari ni takataka," tajiri akarudia, pole, kama anamweleza mtoto. "Mnakuja kucheza kwa matanga ya mtu."

Hapo ndipo damu ilipanda. Wewe sema unachotaka. Alikuwa amekataa betri, sawa, amekataa sisi, sawa, lakini gari nilijua. Hiyo gari nilijenga na mikono hii. Nikang'oa zile za pinki, nikachomeka betri yetu ya mashindano, nikasema, "Takataka? Angalia takataka," na nikabonyeza yote.

Unajua hiyo gari haina breki. Unajua mtu moja pekee ndiye aliweza kuisimamisha, na huyo mtu walikuwa wamemfungia nje.

Ililia kama mbu na ikapotea kwa macho yangu. Nilivuta kona, ikakataa, udongo ilikuwa laini. Ikaenda moja kwa moja ikagonga mguu ya ile meza ndogo. Meza ikainama. Picha ikaanguka uso chini, kioo ikavunjika, na gari ikabaki imelala kwa mgongo kando yake, tairi zinazunguka, zinazunguka, kwa sababu kidole yangu ilikuwa imeganda kwa rimoti.

Mjane alipiga mayowe. Sitasahau hiyo sauti. Wamama wakashika vichwa.

Baba mdogo alisimama. Hakunipigia kelele. Aliinama, akaokota picha, akapangusa vioo na mkono wa koti. Akasema, "Umeona? Hata akiwa amelala bado mnamgonga."

Kwisha. Ngozi ya bluu, alama, gari kutambaa, yote ilifutika. Vijana wa bichi walinibeba miguu na mikono wakanitupa nje kwa barabara, gari ikafuata juu yangu. Tajiri alikuwa ameshika mjane bega anamtuliza.

Rafiki yangu alinisaidia kusimama. Alikuwa amesikia. Ile mota unaisikia kutoka mbali.

"Uliachilia yote?" akauliza.

"Aliita gari takataka."

Akatoa mchanga kwa tairi moja na kidole, kama mtu anapangusa uso wa mtoto. "Kwa udongo laini unavuta kona mapema," akasema. Hiyo tu. Mpaka leo hajawahi kunilaumu na neno ingine.

Kesho yake walimzika. Sisi tulisimama nje ya ua, upande wa barabara, mahali miti imeachana kidogo unaweza kuona shati za watu lakini kaburi huoni. Tuliona tajiri akipewa nafasi ya kuongea. Aliongea vizuri. Alisema marehemu alikuwa kama mtoto wake. Alafu wimbo, alafu kimya, alafu ile sauti ya udongo wa kwanza kwa mbao. Walikuwa wanapita mmoja mmoja, kila mtu na mkono wake wa udongo. Rafiki yangu alikuwa ameinama akachota mchanga ya barabara, ameshika tu. Alishika mpaka wakaanza kutumia majembe. Alipofungua mkono, mchanga ilikuwa imekuwa tope kwa jasho.

Hakurudi Kisumu kukaa. Saa hii yuko Port Victoria, kwa boti ya mtu mwingine, mahali hakuna anayemjua. Yeye! Mtu ambaye ndugu yake alikula maji na baridi miaka yote ndio asikanyage boti. Nilienda kumwona. Ana taa yake, na kabla ya kuingia kwa maji anaiweka chini ya ndoo. Nilimpelekea gari, nikamwambia nimepata kontrola mpya, iko na breki. Alishika rimoti kidogo akanirudishia. "Weka," akasema.

Yule aliyepona amepewa boti mpya na tajiri. Si ya kwake, ya kuvulia. Tulipatana Kisumu, kwa stendi, akanisalimia vizuri kabisa. Akaniambia, "Kijana wangu, mimi nina watoto." Nilikuwa nimeapa nikimpata nitampiga. Sikumpiga. Ile mkono bado ilikuwa na alama ya kamba.

Betri za pinki ninazo kwa mkebe hapo kwa kibanda. Ukitaka kuziona njoo, nitakuchunia ingine. Watu wanakuja kila siku na magari ya watoto wao, "fundi, niwekee mota ya nguvu," na mimi naweka, na kila moja naweka breki. Wanauliza inaenda spidi gani. Hakuna ameniuliza betri imetoka wapi.

Na wewe ulikuwa unacheka kwa kinyozi. Kwa hivyo nijibu na usinizungushe. Ungekuwa wewe umeketi hiyo safu ya pili, umeona ile ngozi ya bluu na macho yako, na nyama ya tajiri iko moto kwa magoti yako, na nje ya ua kuna mtu anangoja kuzika ndugu yake: ungesimama useme, ama ungemaliza kula kwanza?